Ukumbi uliungua, chuo kikabaki

Wadau, salaam.

Katika kazi hii ya kuandika habari kuna maneno ambayo ukikaa nayo mwaka mmoja tu unaanza kuyaota usiku. Mojawapo ni hilo nililotumia kuwasalimia, "wadau". Jingine ni "uendelevu". Nenda kwenye warsha yoyote hapa Dar, kabla ya chai ya saa nne utakuwa umeyasikia mara kumi, na kabla ya kusaini posho yameshaingia kwenye maazimio. Mimi mwenyewe nimeyaandika sana, tena bila aibu. Mpaka siku moja mhariri wangu aliponirudishia habari ya warsha moja kuhusu vyuo vikuu akaniuliza: huu uendelevu wa chuo ni kitu gani hasa?

Nikaanza kumweleza, nikajikuta nakwama. Nilirudi kwenye daftari langu. Mzungumzaji wa kwanza alipotamka neno hilo alikuwa na maana ya fedha. Wa pili alikuwa na maana ya miti, maji taka na umeme wa jua. Wa tatu alikuwa anaongelea ajira za wahitimu. Wa nne, mtu wa ubalozi, alikuwa anatuambia kwa lugha ya adabu kwamba siku moja hela zao zitakwisha. Na wote wanne walipigiana makofi kana kwamba wamesema jambo moja.

Basi nikaamua kulitafuta jibu kwenye historia, na sikuhitaji kwenda mbali. Nilipanda basi la Bagamoyo. Tegeta, Boko, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, na baada ya kilomita 70 hivi kutoka Dar nikashuka kwenye mji ambao wengi wetu tunaujua kwa mambo ya zamani tu: misafara ya pembe na watumwa, misheni ya Wakatoliki ya mwaka 1868, mwili wa Livingstone ulioletwa pale mwaka 1874, na makao makuu ya Wajerumani kabla hawajahamia Dar es Salaam mwaka 1891. Tukimaliza hapo tunapiga picha Kaole, tunarudi mjini.

Lakini Bagamoyo ina historia nyingine ambayo haina geti wala kiingilio, nayo ni historia ya vyuo. Viwili nataka tuvitazame leo: Chuo cha Sanaa, ambacho sasa kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa, na Chuo cha Uvuvi Mbegani. Najua kuna mdau atanishika hapo hapo aseme hivyo si vyuo vikuu, vinatoa cheti na stashahada. Ni kweli. Ila vimepita katika tanuru lile lile walilopita wakubwa zao, na kwa kuwa ni vidogo, unaona vizuri zaidi nani alikuwa anavuta kamba upande upi.

UGOMVI NI WA SIKU NYINGI

Kabla hatujafika Bagamoyo tupite kwanza Mlimani, maana huko ndiko swali lilipoulizwa kwa sauti kubwa mara ya kwanza.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza tarehe 25 Oktoba 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na hakikuanzia Mlimani. Kilianzia Mtaa wa Lumumba, katika jengo la TANU, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, hata 20 hawakufika. Kilihamia Mlimani mwaka 1964. Hebu fikiria hilo kidogo: chuo cha kwanza cha nchi kilipewa hifadhi na chama ambacho wanachama wake wengi hawakuwahi kumaliza shule ya msingi. Mwalimu Nyerere hakuchoka kuwakumbusha wasomi jambo hilo. Kwake, msomi ni kama mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda kutafuta msaada. Akila akapotelea huko, amekuwa msaliti.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa lile la kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu aliwasikiliza, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawarudisha mamia yao makwao. Sote tunaikumbuka kama hadithi ya nidhamu. Mimi siku hizi naisoma kama ugomvi wa wadau. Serikali ilisema chuo kitadumu ikiwa kitamtumikia aliyekilipia. Wanafunzi walisema chuo kitadumu ikiwa anayesoma ataheshimiwa na kulipwa. Neno uendelevu lilikuwa bado halijaletwa mezani, lakini ugomvi wenyewe ulishakuwepo.

CHUO KILICHOZALIWA WAKATI WA FOLENI

Sasa twende Bagamoyo. Nchi ilipokuwa Jamhuri Desemba 1962, Mwalimu aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akisema wazi kwamba nchi isiyo na utamaduni wake ni mkusanyiko tu wa watu. Kikaundwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma. Vijana wengine wakapelekwa China kujifunza sarakasi. Baadaye kikaja cha maigizo. Wasanii wakakusanywa kutoka mikoani, wakawa watumishi wa serikali. Miongoni mwao alikuwa Mgogo mmoja mpiga zeze na ilimba, Hukwe Zawose. Huyo mshike vizuri, tutarudi kwake.

Mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na wasanii wa vile vikundi vya taifa wakawa walimu. Ngoma, muziki, maigizo, sarakasi, uchoraji, uchongaji. Wazo lilikuwa rahisi na zuri: badala ya kuwa na kikundi kimoja kinachocheza mbele ya wageni wa taifa, tuwe na mahali ambapo ujuzi unarithishwa.

Ila tazama mwaka wenyewe. Nchi ilikuwa imetoka vitani na Idi Amin mwaka 1979. Sukari, sabuni na unga vilikuwa vya foleni. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya Nguvu Kazi ya kuwaondoa mijini wanaoitwa wazururaji. Yaani serikali ilifungua chuo cha ngoma katika miaka ambayo haikuwa na uhakika wa dola za kununulia mafuta. Ukiuliza serikali ya wakati ule inauonaje uhai wa chuo hiki, jibu lilikuwa hili: ni roho ya taifa, na roho haifanyiwi hesabu ya faida. Jibu linapendeza. Tatizo lake ni kwamba halilipi bili ya umeme.

WAFADHILI WANAINGIA

Hapo ndipo wakaingia Waswidi. Kupitia shirika lao la misaada, Sida, walikisaidia chuo kwa miaka mingi, majengo yakiwemo, pamoja na ukumbi mkubwa wa maonyesho karibu na bahari. Toka mwaka 1982 chuo kilikuwa na maonyesho yake ya kila mwaka ambayo polepole yakawa Tamasha la Sanaa Bagamoyo. Ukumbi ukayapa tamasha na chuo sura. Wageni wakaanza kuja, vikundi kutoka nje vikaja, na Bagamoyo ikawa jina kwenye ramani ya wapenda sanaa wa dunia.

Mfadhili naye ana namna yake ya kuutazama uendelevu. Kwake maana yake ni siku ya kuondoka: nikikuachia jengo hili, utaweza kulitunza? Ni swali la haki kabisa. Lakini lina kasoro yake, kwamba anayeliuliza ndiye aliyechagua jengo.

Kuliona hilo vizuri zaidi, toka mjini nenda kusini kidogo mpaka Mbegani. Pale, kuanzia miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1990, Norway iliweka fedha nyingi katika kituo cha mafunzo ya uvuvi. Norway ni taifa la wavuvi, wanaijua kazi hiyo kuliko wengi duniani. Wakajenga, wakaleta vyombo na wataalamu. Shida ni kwamba mafunzo yalilenga uvuvi wa meli na mitambo, na upande huu wa bahari wavuvi wetu walikuwa, na wengi bado wako, kwenye ngalawa, mitumbwi na mashua. Mhitimu alifundishwa kazi ya chombo ambacho nchi haikuwa nacho. Mbegani ikageuka kuwa mfano unaotajwa huko Norway kwenyewe wakizungumzia misaada iliyokwenda kombo, pamoja na ule mwingine wa kiwanda cha samaki cha Kalokol, kando ya Ziwa Turkana nchini Kenya.

Sisemi haya kuwacheka Wanorwei. Serikali yetu nayo ilikuwa mezani na ilikubali. Ninachosema ni kwamba katika meza ile kiti cha mvuvi wa Mlingotini kilikuwa kitupu. Chuo kilikuwa na fedha, majengo na wataalamu, vitu vyote ambavyo leo tunaviita nguzo za uendelevu, na bado mfadhili alipoondoka kilibaki kinahema.

MWAKA 1990, MIKUTANO MIWILI

Mwaka 1986 serikali ya Mzee Mwinyi ilitia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Toka hapo hesabu ikaingia kila mahali, hospitali, shule, vyuo. Mwaka 1992 ukaja mpango wa kuchangia gharama katika elimu ya juu, ambao wengi wetu tumeukuta na kudhani ulikuwepo tangu enzi.

Katikati hapo kuna mwaka 1990, na kuna kitu ndani yake kinachonichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Oktoba ya mwaka ule wakuu wa vyuo vikuu kutoka nchi mbalimbali walikutana Talloires, mji mdogo huko Ufaransa, wakatoa tamko kwamba vyuo vikuu viwe mbele katika kulinda mazingira. Mpaka leo tamko lile linatajwa kama moja ya vyanzo vya mjadala mzima wa uendelevu vyuoni. Sasa wakati wenzetu wanasaini huko Ufaransa, Mlimani ilikuwa imefungwa. Serikali ilikifunga chuo Mei 1990 baada ya mgogoro na wanafunzi. Kwa mwanafunzi wa Dar mwaka ule, uendelevu wa chuo ulikuwa ni kujua kama atarudi darasani.

Lakini mazingira nayo yalikuwa yanasubiri zamu yake, na hayakusubiri kwa upole. Ukitoka Dar kuelekea kaskazini, pale Kunduchi, palikuwa na Hoteli ya Africana. Bahari iliila ufukwe wake mpaka hoteli ikaachwa. Watafiti waliochunguza pwani ile walitaja sababu kadhaa, zikiwemo kuchimba mchanga kwenye mito inayoshuka baharini na kulipua miamba ya matumbawe kwa baruti za wavuvi haramu. Mchanga uliojenga nyumba zetu za Mbezi na Tegeta ndio ambao ungetakiwa kuilinda Kunduchi. Kwa hiyo yule mzungumzaji wa pili wa warsha, wa miti na maji taka, hakuwa mtu wa ndotoni. Chuo chochote kilichojengwa kwenye mwambao huu kinakaa juu ya mchanga ambao mtu mwingine anauchimba.

Pale Bagamoyo jambo hilo linaingia mpaka darasani. Ngoma inataka gogo na ngozi. Mchongaji anataka mpingo, mti ambao huchukua miongo kama saba au zaidi kukomaa. Mwanafunzi wa uchongaji wa leo anakata mti uliokuwepo kabla babu yake hajaoa. Nani kati yetu ameuhesabu mti huo kama mdau?

SHERIA YA BARABARA NA CHUO CHA NGOMA

Mwaka 1997 Bunge lilipitisha Sheria ya Wakala wa Serikali. Nia ilikuwa kuzitoa baadhi ya idara kwenye urasimu wa wizara, zijiendeshe kwa mpango wa biashara, ziwe na mtendaji mkuu, zipimwe kwa malengo na zitumie mapato yake zenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa wakala mwaka 1999. Wakala wa Barabara, TANROADS, mwaka 2000. Wakala wa Majengo mwaka 2002. Na mwaka 2007 ikaja zamu ya Chuo cha Sanaa, ndipo kikawa TaSUBa. Baadaye Mbegani nayo ikaingia njia hiyo hiyo ndani ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA.

Hapa naomba tuwe waangalifu, maana ni rahisi kulaumu. Uwakala ulikuwa na faida. Chuo kinachosubiri wizara iidhinishe ununuzi wa nyuzi za gitaa hakiwezi kufanya kazi. TaSUBa ilipata nafasi ya kuamua mambo yake, kutafuta washirika wake na kukodisha ukumbi wake, na baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaitambua kama kituo cha umahiri katika sanaa na utamaduni. Hayo si madogo.

Lakini angalia serikali ilivyohama. Mwaka 1981 ilisema hii ni roho ya taifa. Mwaka 2007 ilisema hii ni wakala, ioneshe mapato. Barabara unaipima kwa kilomita. Ngoma unaipima kwa nini? Kwa idadi ya wanafunzi? Kwa harusi ilizokodiwa? Ukimwambia mwalimu wa lizombe au mdumange alete faida, kesho atafundisha dakika tano zile ambazo watalii wanazipenda, na sehemu iliyobaki, ile ndefu inayohusu jando na msiba na mavuno, itabaki kwake mpaka azikwe nayo.

JANUARI 2002

Sasa nifike kwenye jambo lililonipeleka Bagamoyo. Januari 2002 ukumbi ule mkubwa uliungua moto.

Jiweke kwenye nafasi yao. Ukumbi ndio ulikuwa uso wa chuo. Ndipo tamasha lilipofanyika, ndipo mitihani ya jukwaani ilipofanyika. Kwa kipimo cha mfadhili chuo kilikuwa kimepoteza kitega uchumi chake. Kwa kipimo cha serikali kilikuwa kimepoteza mali ya umma. Kwa vipimo vyote vilivyoandikwa kwenye karatasi, chuo kilitakiwa kufa au angalau kulazwa.

Hakikufa. Ukumbi mpya ulikuja kufunguliwa mwaka 2008, kwa fedha za wafadhili wa Skandinavia tena. Kati ya moto na ufunguzi ni miaka 6. Katika miaka hiyo sita wanafunzi waliingia, walisoma, walifanya mitihani, wakahitimu. Tamasha liliendelea. Ngoma zilipigwa palipokuwa na nafasi, na Bagamoyo nafasi ipo, kuna uwanja, kuna kivuli cha mti, kuna mchanga wa pwani. Kumbe kile kilichokuwa kinakibeba chuo hakikuwa ukumbi. Walikuwa ni walimu wanaojua, wanafunzi wanaotaka kujua, na mji uliozoea kusikia ngoma jioni bila kumpigia mtu simu ya malalamiko.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa habari njema ya kufungia Jumapili. Lakini ndani ya miaka hiyo hiyo sita kuna tarehe nyingine. Desemba 2003 Hukwe Zawose alifariki dunia.

Zawose alikuwa ameishi na kufundisha Bagamoyo kwa miaka mingi. Alikuwa amezunguka dunia na zeze lake, akarekodi na kampuni ya Real World ya Uingereza, albamu ya Chibite ikatoka mwaka 1996. Alitengeneza ala zake mwenyewe, zikiwemo ilimba kubwa zenye vyuma vingi kuliko zile alizozikuta. Mpwa wake Charles, aliyepiga naye majukwaani na ambaye wengi walimtazama kama mrithi, naye alifariki mwaka uliofuata, 2004.

Mdau, weka matukio haya mawili pamoja. Ukumbi uliungua, ukafanyiwa tathmini, ukaandikiwa mradi, ukatafutiwa fedha, ukachorwa, ukajengwa, ukafunguliwa kwa hotuba. Mzee alifariki, akazikwa. Na haikuwa kosa la mtu fulani kwamba hakuna mradi ulioandikwa kwa ajili yake, kwa sababu katika ile orodha ya mali za chuo, jengo lilikuwa na namba na mzee hakuwa nayo. Mfadhili hana fungu la mzee. Wizara haina kasma ya mzee. Anapostaafu anakabidhi funguo, na ujuzi anaondoka nao.

Hili ndilo jambo ninaloliona katika historia nzima ya vyuo hivi. Kila mdau alilinda kile alichoweza kukihesabu.

WANAFUNZI NA WENYE MJI

Tumesikia serikali, wafadhili na walimu. Bado wawili.

Mwanafunzi wa sanaa anautazama uendelevu kwa jicho la ada. Bodi ya Mikopo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, na kwa miaka mingi ilikuwa hasa ya wanafunzi wa shahada. Mikopo ya stashahada ilipoanza kutolewa katika mwaka wa masomo 2023/24, ilianza na fani zilizoitwa za kipaumbele, nyingi zikiwa za sayansi na ufundi. Mtoto wa mkulima mwenye kipaji cha sarakasi anategemea mjomba na michango ya ukoo. Wakati huo huo anawaona vijana wenzake wa Bongo Fleva ambao hawakupita chuo chochote wakijaza viwanja. Akikuuliza kwa nini asome miaka miwili au mitatu, usimjibu kwa hotuba ya utamaduni. Ana haki ya kujua chuo kitamwachia nini mkononi.

Na wenye mji? Karibu na Mji Mkongwe nilikaa na mzee mmoja muuza kahawa, nikamwamkia, nikanunua kashata, tukazungumza. Kwake tamasha ni kama Iddi nyingine, vikombe havitoshi. Lakini alichonieleza kwa hisia zaidi ni kwamba yeye na wenziwe wamekuwa wakiona michezo ya chuo tangu ujana wao, na wengine walijifunza kupiga ngoma kwa kuchungulia tu. Hajawahi kuitwa kwenye mkutano wa wadau. Nilipomtajia neno lenyewe alicheka, akasema alidhani wadau ni watu wa Dar.

Wenye mji wana jambo jingine la kuwaza. Machi 2013, Rais Xi Jinping wa China alipotembelea nchi yetu, yalisainiwa makubaliano ya kujenga bandari kubwa Bagamoyo, na eneo lililopangwa ni Mbegani, pale pale kilipo chuo cha uvuvi. Jiwe la msingi aliliweka Rais Kikwete Oktoba 2015. Rais Magufuli aliusimamisha akisema masharti yake hayakubaliki, na baada ya mwaka 2021 serikali ikatangaza nia ya kuufufua. Kwa mtu wa ramani, Mbegani ni kina cha maji kinachofaa meli. Kwa mtu wa chuo, ni mahali ambapo mwanafunzi anashuka ngazi akaingia baharini. Bandari inaweza kuwa neema, sibishi. Ila tuseme ukweli: hakuna mpango wa uendelevu wa chuo unaodumu ikiwa ardhi chini yake inaweza kubadilishwa matumizi kwa saini ya watu ambao hawakukaa darasa lake hata siku moja.

TUFANYEJE BASI

Sitaki kujifanya nina dawa. Ila safari ile ya basi imenipa vipimo vitatu ambavyo siku hizi navitumia nikisikia mtu anatamka neno lile.

Cha kwanza, nauliza chuo kikipoteza hiki, kitaishi miezi mingapi? Chuo cha Sanaa kilipoteza ukumbi kikaishi miaka 6. Kikipoteza walimu wake wa ngoma wote kwa mpigo, sidhani kama kitamaliza muhula.

Cha pili, nauliza nani hakuitwa. Mbegani hakuitwa mvuvi. Bagamoyo haitwi muuza kahawa. Mlimani mwaka 1966 walioitwa Ikulu walikuwepo, na mkulima aliyelipia yote alitajwa sana ila hakuwepo.

Cha tatu, nauliza kama mzee ana namba kwenye orodha. Gharama ya kumlipa bingwa wa zeze au wa kuunda ngalawa akae na vijana wawili kwa miaka mitatu ni ndogo sana ukilinganisha na paa la ukumbi. Kumrekodi, kumwandika, kumpa posho ya heshima baada ya kustaafu ili aendelee kuja chuoni asubuhi, hayo yote yanawezekana bila kumngoja Mswidi.

Na kabla sijafunga, habari ya mwisho kuhusu akina Zawose. Ujuzi ule haukufa wote, kwa sababu mzee alikuwa na mdau ambaye hakuandikwa popote, familia yake. Mwanawe Msafiri ameendelea na muziki. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wakijiita The Zawose Queens, walitoa albamu waliyoiita Maisha, kwa kampuni ile ile ya Real World. Katika desturi walimokulia, wanawake walikuwa waitikiaji, mbele wakisimama wanaume. Sasa wao ndio wanaoongoza.

Nimefurahi sana kuisikia. Halafu nikajiuliza, je, kama mzee asingekuwa na binti? Kila chuo chetu kina mzee wake, maabara, karakana, maktaba, kuna mtu mmoja anayejua mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote, na si kila mmoja ana Pendo nyumbani.

Wewe chuo chako kina nani? Mtafute kabla ya warsha ijayo.

Nawasilisha.